Kusadikika ifike Chula kama ilivyotoka mwaka 1951

Kabla jina lake halijawa la vitabu vya shule, Shaaban Robert alikuwa mtu wa forodha. Aliajiriwa katika idara ya forodha ya Tanganyika mwaka 1926 na akadumu humo hadi 1944. Mtu huyo aliyezoea mizigo, vibali na ushuru ndiye aliyechapisha Kusadikika mwaka 1951, riwaya ya nchi iliyo angani.

Katika riwaya hiyo, wajumbe sita wanatumwa nchi za jirani: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Wanakwenda kutafuta maarifa ya kuifaa nchi yao. Wanaporudi na mambo mema, badala ya kushukuriwa wanafungwa. Hakuna mfanyabiashara wa mpakani asiyeijua hadithi hiyo, hata kama hajawahi kukifungua kitabu chenyewe.

Walimu huifundisha Kusadikika kama fumbo la utawala mbaya, na hawakosei. Lakini ni riwaya ya anga pia. Iliwapeleka watu mbinguni na kuwarudisha miaka sita kabla ya Warusi kurusha Sputnik, Oktoba 1957. Huko Marekani, wapenzi wa bunilizi za kisayansi hutafuta magazeti ya zamani kama Amazing Stories, lililoanza Aprili 1926, wakayasoma kama yalivyotoka, pamoja na matangazo ya biashara na barua za wasomaji. Wanataka kujua mtu wa siku zile aliiwazaje kesho kabla kesho haijafika.

Msomaji wa Kiswahili naye anastahili nafasi hiyo. Toleo la shule huja na maswali ya mtihani na mwaka mpya wa uchapaji, na anayelisoma hudhani linamsema kiongozi fulani wa baada ya uhuru. Nakala yenye mwaka 1951 inamkumbusha kwamba Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza, uhuru ukiwa miaka kumi mbele. Mtu aliyetaka raia wasikilizwe ilimlazimu aiweke nchi yake hewani.

Tarehe hiyo ina jambo jingine kwa wenye biashara. Mwaka 1951, aliyenunua kitabu Dar es Salaam, Mombasa au Kampala alilipa kwa fedha moja, shilingi ya Afrika Mashariki. Fedha hiyohiyo ilitumika Kismayu chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza, tangu 1941 hadi 1950. Waitaliano waliporudi kama wadhamini wa Umoja wa Mataifa, walileta somalo, lakini somalo moja ilikuwa sawa na shilingi moja. Leo Jumuiya ya Afrika Mashariki inalenga kuwa na sarafu moja ifikapo 2031. Msomaji wa nakala ile ya zamani anagundua kwamba safari hii ni ya kurudi.

Fedha ilifika Kismayu, lakini vitabu havikupewa njia. Kati ya Kismayu na Ras Kamboni umepangana msururu wa visiwa: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine. Wenyeji ni Wabajuni, na Kibajuni chao ni Kiswahili cha kaskazini, ndugu wa lugha ya Lamu na Pate. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland, na mpaka ukapita katikati ya watu wa lugha moja. Wa Kiunga akabaki Kenya, wa Chula akawa upande wa Italia.

Tangu hapo, mtoto wa Chula alisomeshwa kwa lugha za wengine. Mwaka 1955 Vinigi Grottanelli alichapisha kitabu kikubwa kuhusu wavuvi Wabajuni, lakini kwa Kiitaliano. Mwaka 1972 Kisomali kilipata maandishi rasmi kwa herufi za Kilatini, hatua njema kwa taifa la Somalia, ila Kibajuni hakikuwa na dawati katika darasa hilo. Vita vya 1991 vikawasukuma wengi kupanda majahazi hadi Mombasa. Huko watoto wao walikutana na Shaaban Robert, tena kwa sababu ya mtihani.

Na pwani hii si ngeni kwa mambo ya anga. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini na kurusha satelaiti kutoka hapo kuanzia 1967 hadi 1988. Iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Kiswahili, Uhuru. Mvuvi aliyetega nyavu katika maji hayo aliona kwa macho yale ambayo mwandishi wa 1951 aliyawaza tu.

Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwana wa pwani ya Kenya, alitoa Walenisi. Mhusika wake Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anapaa kwa chombo cha angani na kufika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa haki. Jina la nchi hiyo ukilikata unapata maneno matatu: wale ni sisi. Ikisomwa pamoja na tarehe yake, riwaya hiyo inamrudisha msomaji katika Kenya ya miaka michache baada ya vyama vingi kuruhusiwa, iliyoandikwa na mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini.

Somalia ilikubaliwa kuingia katika Jumuiya Novemba 2023 na ikawa mwanachama kamili Machi 4, 2024. Ibara ya 137 ya Mkataba inasema Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano. Kwa upande wa Kismayu, lugha hiyo haihitaji kuletwa, kwa kuwa ipo visiwani tangu zamani. Kinachokosekana ni karatasi.

Wapo watakaosema kwamba mfanyabiashara wa kamba koche na samaki ana mambo mazito kuliko riwaya. Ni kweli. Kenya na Somalia zilikubaliana Mei 2023 kufungua mpaka kwa awamu, Kiunga na Ras Kamboni vikiwamo, na miezi miwili baadaye mpango ukaahirishwa kwa sababu ya mashambulizi. Hakuna kitabu kitakachoondoa bunduki barabarani.

Lakini biashara ya mpakani hutegemea kuaminiana, na kuaminiana huanza na maneno. Mbajuni anayeandikiana na mnunuzi wa Mombasa kwa Kiswahili sanifu anajua anachotia saini. Anayekijua Kiswahili kwa mdomo tu hulazimika kumtegemea dalali, na dalali hula faida.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kufanywa. Kwanza, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ishirikiane na wenye haki za vitabu hivi ili vichapwe upya kwa sura yake ya kwanza: jalada lile, tahajia ile, mwaka ule. Nakala za asili ni chache na zinaliwa na mchwa. Pili, wafanyabiashara wenyewe wavipe vitabu nafasi kwenye shehena. Katika ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya, vitabu vilivyochapishwa viko kwenye asilimia sifuri. Boksi moja la riwaya katikati ya magunia ya unga na sukari halizamishi mashua.

Karama, mtetezi katika Kusadikika, alisimama mbele ya mfalme siku baada ya siku akiwatetea wajumbe waliovuka mpaka na kurudi na maarifa. Mwishowe alisikilizwa. Watoto wa Chula na Koyama wana haki ya kuisoma kesi hiyo kwa lugha ya nyumbani kwao, na njia ya kuifikisha kwao ni ileile inayopita unga na sukari.