Makanisa yapande miti, lakini si mikaratusi chemchemini

Msomaji, ukipita Keumbu kwa matatu ukitoka Kisii kwenda Keroka, utaona miti tele na huenda ukadhani hapa hakuna upungufu. Tazama tena. Mingi ni mikaratusi, na mingine imesimama mabondeni, karibu kabisa na vijito.

Tangu serikali itangaze Desemba 2022 kwamba itapanda miti bilioni 15 kufikia 2032, makanisa nayo yamehimizwa kushika majembe. Naunga mkono. Kanisa lina uwanja, lina vijana, na waumini hukutana kila wiki, kwa hivyo mche haukosi wa kuutazama. Lakini ni mti gani, na unapandwa wapi?

Mkaratusi hunywa maji mengi. Ukiupanda kando ya chemchemi, chemchemi hupungua, na akina mama huanza kuteka mtoni, mahali ng'ombe wanaponywea. Hapo ndipo kuhara na homa ya matumbo huingia nyumbani, na ndiyo maana nalileta jambo hili katika ukurasa wa afya.

Padri na pasta husikizwa kuliko chifu (chifu anisamehe). Waseme wazi: mikaratusi ibaki mbali na maji, na kingoni ipandwe mianzi na miti ya kiasili.

Nawe uliye Nairobi, uliyejaza mikaratusi shambani kwa baba kwa kuwa haisumbui na nguzo zina soko, usimngoje mhubiri. Piga simu nyumbani uulize kama ile chemchemi ya bondeni ingali inatoa maji.