MAONI: Wakikuahidi skii na gari la nyaya Mlima Kenya, dai hesabu kwanza

Siku moja, na pengine si mbali, utafungua simu ukutane na picha tamu sana. Vibanda vyekundu vinaning'inia kwenye waya juu ya msitu wa mianzi, kilele cha Batian kinang'aa kwa nyuma, na vijana waliovaa miwani mikubwa wanateleza kwenye theluji huku wakicheka. Juu ya picha kutakuwa na maandishi: mabilioni ya pesa, maelfu ya kazi. Utaipenda. Utaituma kwa kundi la WhatsApp la familia, na lazima kuna mtu ataandika, "Kenya sihami!"

Sikuombi uipinge picha hiyo. Nakuomba tu kabla hujashangilia uulize swali moja: hesabu iko wapi?

Usidhani natunga hadithi. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa inatafakari kujenga gari la nyaya kwenye Mlima Kilimanjaro ili kuvutia wageni zaidi. Wapagazi na waongozaji wa watalii walikuja juu mara moja, wakiuliza watakula nini mgeni akianza kupanda mlima akiwa ameketi. Ikiwa jirani amewaza hivyo, sisi tulio na mlima wa pili kwa urefu Afrika hatutakosa kuletewa mchoro kama huo. Swali ni kama utakuwa tayari siku utakapofika.

Kuna neno utalisikia sana siku hiyo: upembuzi yakinifu. Usiliogope. Kupembua ni kile shosho alichokuwa akifanya na ungo: anarusha nafaka, upepo unapeperusha makapi, punje zinabaki. Ndiyo kazi ya ripoti ya aina hii. Inachukua ndoto, inairusha hewani, tunaona kinachobaki. Na ripoti ambayo imeandikwa ili iseme "ndiyo" pekee haijapembua chochote. Ni makapi yamefungwa kwenye gunia zuri.

Sasa tuipembue hiyo picha pamoja.

Tuanze na theluji yenyewe. Nchini Uswisi watafiti waliweka kipimo ambacho wapangaji wengi wa vituo vya skii hukitumia: kituo kinaaminika kibiashara ikiwa, katika misimu saba kati ya kumi ya baridi, kuna angalau siku 100 zenye theluji ya sentimita 30 au zaidi, kati ya Desemba 1 na Aprili 15. Sasa tazama kwetu. Mlima Kenya uko pale pale kwenye ikweta. Hatuna msimu wa baridi wa miezi mitatu. Kule juu ni kama kiangazi kila mchana na baridi kali kila usiku. Theluji huanguka zaidi wakati wa mvua, jua likitoka inayeyuka. Na wageni huja lini? Januari na Februari, kisha kuanzia Julai hadi Septemba, yaani miezi mikavu. Theluji ikija, mgeni hayupo. Mgeni akija, theluji imeenda.

"Lakini si kuna ile barafu ya kudumu?" Bana, hiyo ndiyo inayoaga. Barafu ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote pale mlimani, ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kuwa Mlima Kenya huenda ukabaki bila barafu kabisa katika miaka ya 2030. Mkopo wa mradi mkubwa hulipwa kwa miaka 20 au zaidi. Utakuwa bado unalipa deni la kitu kilichokwisha yeyuka.

Na kuna waliopitia hayo. Nchini Bolivia, karibu na jiji la La Paz, kulikuwa na Chacaltaya, kituo cha skii kilichokuwa zaidi ya mita 5,000 juu ya bahari, kilichojulikana kama cha juu zaidi duniani. Winchi ya kuvuta watu ilifungwa huko miaka ya mwisho ya 1930. Wanasayansi walikadiria kuwa barafu yake ingedumu hadi 2015. Ilikwisha 2009. Kilichobaki ni jengo, mawe na upepo. Mlima ule uko kwenye tropiki kama wetu, tena ni mrefu kuliko wetu.

Utaniambia Lesotho wana skii na wako Afrika. Kweli. Kituo cha Afriski kiko zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari. Lakini Lesotho iko mbali kusini mwa ikweta, ina baridi halisi kuanzia Juni hadi Agosti, na hata hivyo hulazimika kutengeneza theluji kwa mashine. Tena wana soko karibu: watu wa Johannesburg wanaingia gari asubuhi na mchana wamefika. Dubai nao? Wale walijenga jokofu kubwa ndani ya duka la kifahari mwaka 2005, na wateja tayari walikuwa wanazunguka pale pale. Hiyo ni biashara ya mall, si ya mlima.

Hakuna anayesema Mkenya hawezi skii. Philip Boit alituwakilisha Nagano mwaka 1998, na Sabrina Simader akashuka milima ya Pyeongchang mwaka 2018. Lakini wote walijifunzia Ulaya, mahali penye theluji. Kipaji tunacho. Msimu ndio hatuna.

Basi tuseme skii tumeiacha, tubaki na gari la nyaya. Hapo toa kalamu. Hizi ni namba za mfano tu, ili uone njia. Chukua mradi wa Sh5 bilioni uliojengwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 10. Riba pekee ni Sh500 milioni kwa mwaka. Tiketi ikiwa Sh5,000, unahitaji watu 100,000 kila mwaka kulipa riba tu, kabla ya mishahara, stima, bima na vipuri. Hao ni watu 274 kila siku, pamoja na siku za mvua, siku za ukungu, na siku upepo unalazimisha mashine kuzimwa. Sasa jiulize kwa ukweli: wewe na mtu wako mko tayari kulipa Sh10,000 kupanda na kushuka, kabla ya mafuta na chipsi? Mwaka mmoja mtafanya hivyo mara ngapi? Picha za mara ya kwanza ni rahisi kuuza. Mradi huishi kwa mgeni anayerudi.

Jambo la tatu ni mwili wako. Lango la Sirimon liko karibu mita 2,650 juu ya bahari. Anayepanda kwa miguu hulala njiani usiku kadhaa ili mwili uzoee hewa nyepesi. Gari la nyaya linaweza kukufikisha zaidi ya mita 4,000 ukiwa bado unatafuna njugu. Kichwa kinapasuka, unatapika, na kwa wachache mapafu hujaa maji. Si kwamba haiwezekani. Mérida nchini Venezuela wana gari la nyaya linalofika mita 4,765, na lilifunguliwa 1960. Lakini hata hilo lilifungwa 2008 kwa sababu ya uchakavu, likajengwa upya, na likarudi kazini 2016. Kwa hivyo uliza: daktari yuko wapi? Oksijeni? Na miaka 40 baadaye, pesa za kubadilisha nyaya zitatoka mfuko gani?

La nne ndilo linalokuhusu zaidi, wewe unayetafuta kazi. Chukua tena mfano: watalii wanne wanapanda kwa siku tano. Wanahitaji mwongozaji, mpishi na wapagazi, tuseme watu wanane kwa jumla. Hizo ni siku 40 za kazi kutoka kwa kikundi kimoja, na doo nyingi inabaki Chogoria, Naro Moru na Nanyuki: kwa muuza mboga, mwenye boda boda, anayekodisha jaketi. Watalii wale wale wakipanda na kushuka kwa saa tatu, ni siku ngapi za kazi zinabaki? Mkata tiketi, fundi, mlinzi. Huenda wageni wengi zaidi wakaziba pengo, lakini hilo lithibitishwe kwa namba, si kwa hotuba. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja na kuondoka bila kulala humponya nani?

La tano ni maji. Mlima ule si mapambo. Mito yake inalisha Tana, inayozungusha mitambo ya umeme ya mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, na Ewaso Ng'iro, ambayo wafugaji wa kaskazini wanaisubiri kila kiangazi. Tayari watu wa juu na wa chini huvutana kuhusu maji hayo. Hoteli, mashine za theluji, barabara za kubebea vyuma: kila kimoja kitachota au kitachafua. Na mlima uko kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO tangu 1997. Kwa wengi wanaoishi chini yake, Kirinyaga ni mahali patakatifu. Hayo pia huingia kwenye hesabu.

Najua kuna hoja nzito upande wa pili. Mtu anayetumia kiti cha magurudumu, au guka wako mwenye miaka 80, naye ana haki ya kuuona mlima akiwa karibu. Gari la nyaya lingempa nafasi hiyo. Tena kazi ya upagazi si tamu: mizigo ni mizito, malipo ni kidogo, na wengine wanapanda na viatu vya mtumba vilivyopasuka. Sitaki tuililie kana kwamba ni paradiso. Lakini jibu la malipo duni ni malipo bora, na jibu la guka linaweza kuwa barabara nzuri hadi langoni, njia fupi tambarare na mahali pa kuketi kwenye mwonekano mzuri. Hilo halihitaji mabilioni.

Tena tunao utalii wa mwinuko unaofanya kazi bila theluji. Nenda Iten. Mji uko karibu mita 2,400 juu, na wakimbiaji kutoka kila pembe ya dunia hulipa kuja kuhema hewa yetu. Lornah Kiplagat alijenga kambi ya mazoezi pale kwa kutazama kile ambacho mahali penyewe kinacho: mwinuko, barabara za vumbi na mabingwa wa kukimbia nao. Huo ndio upembuzi. Mlima Kenya nao una mabonde, maziwa kama Ellis, njia ya Chogoria ambayo wengi huisifia kuwa ya kupendeza kuliko zote. Kinachokosekana mara nyingi ni vitu vidogo: vyoo safi, vibanda visivyovuja, alama za njia, kikosi cha uokoaji chenye vifaa, mafunzo na bima kwa waongozaji. Havipendezi kwenye picha, lakini ndivyo vinamrudisha mgeni. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hivyo picha ile ikija, fanya hivi. Tafuta ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya mazingira ya 1999 haikubali mradi kama huo uanze bila leseni ya NEMA, na tangazo la ripoti huchapishwa ili umma utoe maoni kwa maandishi. Ukinyimwa ripoti, Katiba katika kifungu cha 35 inakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kukujibu. Enda kwenye kikao cha kuhusisha umma. Najua, huwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi uliojaa wazee na soda. Enda hivyo hivyo, au tuma mtu, au andika barua pepe. Uliza maswali matano: theluji au mandhari yatadumu miaka mingapi, wageni wangapi wanahitajika kulipa deni, afya ya wageni italindwaje, kazi ngapi zitabaki kwa wenyeji, na maji yatatoka wapi.

Wakikujibu kwa namba zinazoshikika, shangilia kwa sauti, nami nitashangilia nawe. Wakikujibu kwa picha nyingine nzuri zaidi, weka simu mfukoni. Deni likibaki, wenye mchoro watakuwa wameenda zao, na atakayelipa ni wewe uliye na miaka 22 leo.