Kenya: Kujaribu kujiua si jinai tena, je, tiba itawafikia wananchi?

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Jaji Lawrence Mugambi aliona kwamba kifungu hicho kiliwabagua watu kwa sababu ya afya yao na kuwavunjia heshima mbele ya jamii kwa jambo lililozidi uwezo wa akili zao. Miongoni mwa waliowasilisha shauri hilo ni Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu.

Kifungu hicho kiliweza kumpeleka mtu gerezani hadi miaka 2, lakini madhara yake yalianza kabla ya kufika mahakamani. Mgonjwa aliyehofia polisi alikuwa na sababu ya kumwambia daktari kwamba aliumia kwa ajali. Jamaa zake walikuwa na sababu ya kunyamaza. Jeraha likatibiwa, na sonona iliyolisababisha ikarudi nyumbani bila kuguswa. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa sheria yenyewe ndiyo iliyomshawishi mgonjwa kuficha.

Ukweli unaotia moyo ni kwamba sonona hutibika. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, dawa inapohitajika, na familia isiyolaumu vimewarejesha wengi kazini na kwa watoto wao. Hata hivyo, sharti la kwanza ni mgonjwa kuweza kusema wazi yanayomsibu.

Swali linalobaki ni nani atakayemsikiliza. Mwaka 2020, jopokazi la serikali lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sheria ya mwaka 2022 ikazipa serikali za kaunti, ambazo ni 47, wajibu wa kutoa huduma hiyo karibu na wananchi. Lakini kwa miongo mingi matibabu ya aina hii yametegemea mno Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910. Kwa mkazi wa Turkana au Mandera, nauli pekee yaweza kuwa kizuizi.

Matumaini yaliyo karibu zaidi yamo mikononi mwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, waliozinduliwa mwaka 2023 kuzuru kaya moja baada ya nyingine. Wakifunzwa kutambua dalili za sonona na kumwelekeza mgonjwa zahanati, safari ya kupona yaweza kuanzia mlangoni pake.

Hukumu hiyo ilipotolewa, Tanzania na Uganda zilikuwa bado na vifungu kama hicho, urithi wa sheria za kikoloni. Kenya imeondoa hofu ya pingu. Thamani ya hatua hiyo itapimwa siku mgonjwa atakapobisha hodi katika zahanati ya kijijini kwake na kumkuta wa kumpokea.