TUMEPATA DARAJA, TUSIPOTEZE MILA

Ndugu wanakijiji,

Tarehe 19 Juni, 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa. Ni kilomita 3 juu ya maji ya ziwa. Mgonjwa anayekwenda Mwanza hangoji tena kivuko. Kwa hilo tunashukuru, tena sana.

Lakini tuambizane ukweli. Wakati wa kivuko msafiri alikaa hapa. Alikula samaki, alinunua michembe, alizungumza na wazee. Leo gari linapita moja kwa moja. Akina mama waliokuwa wakiuza pale gatini wauze wapi? Na mtoto atajuaje kuwa kabla ya kivuko watu walivuka kwa mitumbwi?

Wapo vijana wanaosema michembe ni chakula cha njaa, na bugobogobo ni ngoma ya wazee. Hapana jamani! Michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vikae miezi mingi. Hiyo ni akili ya akiba. Bugobogobo ni ngoma ya majembe, ya watu waliolima pamoja. Ushirika wetu umetoka huko, haukuanzia kwenye daftari la hesabu.

Basi tunasema: ushirika ujenge kibanda kando ya barabara, akina mama wauze humo. Na sisi tuliojifunza kusoma ukubwani tushike kalamu, tuandike maneno ya wazee wangali hai. Wenzetu wa Bujora wana makumbusho ya Wasukuma. Sisi tuanze na daftari moja.

Katibu wa Chama
Busisi