Usiuze kasi ambayo hujaipima

Leo naongea na sisi tunaouza kompyuta mtandaoni, na najua wengine mtanuna. Kuandika "RAM imeongezwa spidi" kwenye posti bila kipimo chochote ni kumdanganya mteja. Nasema hivyo kwa sababu na mimi nilikuwa naandika.

Niliwahi kumuuzia kijana mmoja kompyuta ya mezani, anahariri video za harusi. RAM ilikuwa DDR4 ya 3200. Nikaingia BIOS, nikaipandisha hadi 3600. Ikawaka vizuri, nikapiga picha, nikaposti "spidi balaa" na nikaongeza elfu 50 kwenye bei. Siku ya nne akanipigia: "Bro, mashine inajizima katikati ya kazi, na faili la harusi ya watu limeharibika." Sikuwa na la kujibu. Nilirudisha hela yote, na mpaka leo hajanunua tena kwangu.

Mashine iliporudi ndo nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. Niliweka MemTest86 kwenye flashi, nikaiacha ipime usiku. Kwenye 3600 makosa yalitokea kabla ya nusu saa kuisha. Usiku wa pili, kwenye 3200, hadi asubuhi halikutokea hata moja. Kumbe kuwaka siyo kupona.

Halafu nikapima faida yenyewe. Video ile ile, mara 3 kwa kila kasi, nikachukua wastani. Kwenye 3200: dakika 10 na sekunde 12. Kwenye 3600, pale ilipokubali kumaliza: dakika 9 na sekunde 58. Yaani nilimtoza mtu elfu 50 kwa sekunde 14!

Sababu ni hii. Namba ilipanda asilimia 12.5, lakini kazi ile muda mwingi inasubiri prosesa, siyo RAM. Tena ili ifike 3600 nililegeza CL kutoka 16 hadi 18. Piga hesabu: CL16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10, CL18 kwenye 3600 ni nanosekunde 10 vilevile. Muda wa kusubiri haukupungua hata kidogo.

Sisemi kasi ya RAM haina maana. RAM nyingi zilizoandikwa 3200 zinawaka kwa 2133 au 2400 mpaka uwashe XMP kwenye BIOS. Iwashe, ipime, mteja apate alicholipia. Pia vipande 2 vya GB 8 mara nyingi vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 16, hasa kwa gemu kwenye mashine isiyo na kadi ya picha ya peke yake.

Kwa hiyo kabla ya kuposti:
1. Pima kabla hujagusa kitu.
2. Badilisha kitu kimoja tu.
3. Pima tena mara 3, kwa kazi anayofanya mteja.
4. Iache kwenye MemTest86 usiku kucha.
5. Andika namba zote mbili, ya kabla na ya baada.

Kuna wanaosema mteja haelewi namba. MHz anaweza asielewe, ila dakika anazielewa, na hela yake anaielewa zaidi. Ukipima ukakuta faida ni sekunde 14, andika sekunde 14 na usiongeze bei.