Mashine Ikikosea, Nani Atajibu?



Wengi kati yenu mnauliza juu ya masomo ya akili bandia kwa ajili ya biashara, yale yanayotolewa na vyuo vikuu kwa njia ya intaneti. Baadhi yenu huyaona kama mlango wa kupata kazi upesi. Wengine huyadharau, wakisema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri, hayatuhusu sisi tunaouza unga na makala. Sisi tuliolelewa katika kazi ya ualimu hatukubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Masomo hayo yatufaa, lakini kwa sharti moja: yamfundishe mwanafunzi kuuliza ni nani atakayejibu mashine itakapokosea.

Mlango wenyewe umefunguliwa kitambo. Mwaka 2011, Sebastian Thrun na Peter Norvig walitoa bure kwa intaneti somo la akili bandia la Chuo Kikuu cha Stanford, na watu zaidi ya 150,000 wakajiandikisha. Walio wengi hawakufika mwisho. Mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, pamoja na kampuni ya Reaktor, kilitoa somo liitwalo Elements of AI, bila malipo, kwa watu wasiojua kuandika programu; leo linapatikana pia kwa Kifaransa. Mwaka 2019, Andrew Ng alitoa AI for Everyone, somo fupi linaloeleza jinsi kampuni inavyoweza kuitumia elimu hii. Kwa hiyo asiye mwanahisabati asiseme kwamba amefungiwa nje.

Kiini cha mafundisho hayo si kigumu. Programu hupewa mifano mingi ya mambo yaliyopita, ikatafuta humo mwenendo unaojirudia, kisha ikakisia yatakayofuata: bidhaa ipi itakwisha upesi, mteja yupi atarudi, deni lipi halitalipwa. Haiujui ukweli, inaijua mifano iliyopewa. Ikipewa mifano mibovu, itakisia vibaya, tena kwa haraka na bila haya.

Kampuni kubwa zimeyaona hayo. Mnamo Oktoba 2018, shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba Amazon ilikuwa imejaribu programu ya kuchagua waomba kazi. Programu ilijifunza kutokana na barua za miaka 10 iliyopita, ambazo nyingi zilitoka kwa wanaume. Basi ikajizoeza kuwashusha wanawake, na kampuni ikaiacha. Mnamo Novemba 2021, Zillow ya Marekani, iliyokuwa ikinunua nyumba kwa kutegemea bei zilizokisiwa na programu, ilitangaza kuifunga biashara hiyo na kupunguza takriban robo ya wafanyakazi wake. Tazameni vizuri: programu ndiyo iliyokisia, bali waliopoteza kazi ni watu.

Tusidhani kwamba mambo hayo yako mbali nasi. Tuchukue mfano wa mama mjane auzaye unga sokoni. Analipwa noti mkononi, na madeni ya wateja anayaandika katika daftari. Kwa miaka mingi hajashindwa kumlipa mtu. Siku moja anaomba mkopo mahali ambapo programu hupima watu kwa pesa zinazopita katika simu zao. Katika simu yake hamna kitu. Mashine haitasema, “Simjui mama huyu.” Itasema, “Hafai.” Na kijana aliyeketi mbele ya kioo, mwenye cheti chake ukutani, atamwambia mama yule arudi nyumbani, kwa sababu hakufundishwa kulitilia shaka jibu la mashine.

Hapo ndipo tunapopima ubora wa somo. Katika ualimu tulijifunza kwamba kipindi huanza na lengo, wala si na chombo. Somo linaloonyesha tu vitufe vya kubonyeza litachakaa pamoja na programu yake. Somo linalofundisha kuchunguza mifano ilikotoka, kulinganisha makisio na yaliyotukia, na kumtaja mtu mwenye wajibu wa kusahihisha, hilo litamfaa mwanafunzi hata vyombo vikibadilika.

Mtu atasema: kijana asiye na kazi anahitaji mkate kwanza, maswali yatafuata. Twaielewa sauti hiyo, maana tunaishi nayo nyumbani mwetu. Lakini kubonyeza kitufe hujifunzwa na yeyote kwa siku moja. Mwajiri hatakosa mtu wa kazi hiyo. Anayeweza kuona kwamba hesabu ya mashine haipatani na hali ya soko ndiye adimu. Maswali hayo ndiyo sehemu ya mkate.

Basi tunashauri hivi. Kabla ya kulipia cheti, someni kwanza orodha ya vipindi, mkaangalie kama makosa na wajibu vimepewa nafasi. Msisome kila mtu peke yake na kumaliza pesa za intaneti. Kaeni watano, mpakue kipindi mara moja, mkitazame pamoja, mkaulizane. Wengi huacha njiani kwa kukosa wenzao wa kuwashika mkono. Kisha kila mmoja achague biashara moja anayoijua, kama cherehani ya shangazi au duka la jirani, aandike mauzo yake kwa mwezi mzima, akisie mwezi unaofuata, na mwishoni ahesabu alikosea wapi.

Atakayeifanya kazi hiyo kwa uaminifu atakuwa na la kusema mama yule wa unga atakapofika mbele yake: “Mama, keti kwanza. Hebu tulifungue daftari lako.”