Ukarimu Hauamriwi

Katika vilima vya Giteranyi, huko Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, nyumba hazikusongamana. Kila jamaa ina boma lake, na boma limezungukwa na migomba yake. Msafiri aliyeingiliwa na usiku hubisha hodi penye boma lililo mbele yake, naye mwenyeji humkaribisha. Maharage na ndizi huletwa; pombe ya ndizi nayo, ikiwapo, huonjwa kwanza na mwenyeji, ili mgeni aone kuwa haina dhara. Hiyo ni sheria isiyoandikwa, nayo imewalaza salama wasafiri wengi.

Ndugu askari na polisi, ninyi nanyi ni wasafiri. Doria na uhamisho huwafikisha penye milango ya watu msiowajua. Hapana budi basi kila mmoja ajiulize: nikaribishwapo, nakaribishwa kwa hiari au kwa hofu? Mwenyeji amchinjiaye kuku mtu kwa sababu ameona bunduki hakumkirimu, amejikomboa. Kwa macho mambo hayo mawili hufanana: mlango hufunguliwa, kiti hutolewa, chakula huletwa. Tofauti yake imo moyoni, wala haisemwi mbele ya silaha. Wazee wa vilima hivi, walioipitia vita iliyoanza mwaka 1993, wanajua vema hodi ya usiku ina maana ngapi.

Tutazame mbali kidogo. Huko Guatemala, katika Amerika ya Kati, wako Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kando ya ziwa Atitlán jamaa nyingi za Wamaya huwapokea wageni wa ng'ambo wanaokwenda kujifunza Kihispania. Mgeni hulala nyumbani mwao, hula nao maharage na vikate vya mahindi, hulipa kilichopatanwa, na huondoka akiitwa rafiki. Lakini nchi hiyo ilikuwa vitani tangu 1960 hata 1996. Tume iliyotoa taarifa yake mwaka 1999 ilikadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kati ya waliotambuliwa, 83 kwa mia walikuwa Wamaya.

Kando ya ziwa hilohilo uko mji wa Santiago Atitlán, uliokuwa na kambi ya jeshi. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1990, askari walevi waliwabughudhi wananchi na kujaribu kuingia kwa nguvu nyumbani kwa mmoja wao. Kengele ya kanisa ikalia. Maelfu ya watu wakaenda kambini mikono mitupu, wakiwa na bendera nyeupe. Walipigwa risasi, na watu wasiopungua 13 wakafa, watoto wakiwamo. Hata hivyo mji haukurudi nyuma, na mwezi huohuo jeshi likaondoka. Tazama ajabu hiyo: watu wa ziwa moja humfungulia mlango mgeni asiye na kitu ila adabu yake, na wamemfukuza mwenye bunduki asiyekuwa nayo.

Wako watakaosema kuwa mlinzi wa nchi akiwa na njaa kazini, raia anapaswa kumsaidia. Ni kweli, inafaa amsaidie. Lakini ombi ni lile linaloweza kukataliwa. Lisipoweza kukataliwa ni amri, na amri ya kula jasho la mkulima haimo katika kazi ya askari yeyote.

Aidha, adabu hiyo ina faida kwa kazi yenyewe. Mpakani, mama mwenye boma ndiye aonaye nani kapita usiku na kaelekea wapi. Habari hiyo humpa polisi aliyekula kwake akalipa, akaaga kwa heshima. Aliyemnyang'anya mbuzi humwambia kuwa hakuona kitu.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe: huonekana na kila mtu. Mwenye sare ni mweupe zaidi. Basi abishe hodi na asubiri kuitikiwa. Amwone kwanza mkuu wa kilima. Silaha yake aitunze mbali na watoto. Asiingie vyumba vya ndani, wala asiwasemeshe mabinti wa nyumba kwa utani. Alipe alichokula, akikataliwa malipo, ashukuru. Na akikaa zaidi ya siku mbili, akumbuke methali aliyoitaja Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kuchota maji na kupasua kuni hakumpunguzii askari cheo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jamaa ikilala vizuri zaidi usiku ule askari yumo nyumbani kuliko usiku asiokuwamo, hapo ndipo amekaribishwa kweli.